Mke wangu anauliza ninamlilia nani kwenye filamu ya zamani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mpima ardhi mwenye umri wa miaka 47, ninaishi na familia yangu Nkuhungu hapa Dodoma, na jambo ninalokuandikia huenda likakuchekesha, kwa sababu halihusu nyumba ndogo, wala deni, wala ugomvi na wakwe. Linahusu filamu. Filamu yenyewe inaitwa Blade Runner, iliongozwa na Ridley Scott na kutoka mwaka 1982, nami nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu nilipovuka arobaini.

Kwa kifupi, ni hadithi ya jiji la Los Angeles la Novemba 2019, kama watu wa mwaka 1982 walivyolidhania: mvua haikatiki, jua halionekani, wanyama halisi karibu wote wamekwisha na wenye uwezo wanashawishiwa kuhamia makoloni ya angani. Kampuni moja inatengeneza watu wanaoitwa replikanti, ambao kwa sura hawatofautiani na sisi, na inawatumikisha huko angani kama watumwa, huku ikiwa imewawekea ukomo wa kuishi miaka minne tu. Wachache wanatoroka na kurudi duniani kumtafuta aliyewatengeneza ili awaongezee siku, na polisi anayeitwa Deckard anatumwa kuwaua mmoja baada ya mwingine.

Niliiona mara ya kwanza mwaka 1994, nikiwa na miaka 16, katika kibanda umiza kimoja karibu na soko la Majengo, penye mabenchi ya mbao, televisheni moja, deki moja na jenereta iliyokuwa ikinguruma nje. Mtafsiri wa kibanda kile alikuwa kaka yangu, aliyeishia kidato cha nne na ambaye Kiingereza chake, tuseme ukweli, kilikuwa cha kubahatisha. Alisimama kando ya televisheni akiwa na kipaza sauti na kusimulia kila kitu kwa Kiswahili, na pale alipokuwa haelewi alitunga. Mara ya kwanza alipouweka mkanda huo watu walipiga kelele kwa sababu ya ile mvua, ilikuwa Oktoba, vumbi limetujaa puani, na mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa uchungu wa kweli, "Mvua yote hiyo, na hakuna hata mmoja anayelima!" Kaka akajibu papo hapo kwamba hao walikwisha kuiuza ardhi yao na sasa wanaishi juu ya lami.

Unajua vibandani kuna sheria kwamba steringi hafi. Kaka aliivunja sheria hiyo. Mwanzoni kabisa alitutangazia kwamba leo tusimtazame mwenye bastola, kwa kuwa steringi wa kweli ni yule mwenye nywele nyeupe atakayekuja baadaye, na kwamba atakufa, na asiyetaka kumwona steringi akifa arudishiwe hela yake sasa hivi. Hakuondoka mtu. Mwishoni, yule mwenye nywele nyeupe anapokaa kwenye mvua juu ya paa na kusema maneno yake ya mwisho, kaka hakutafsiri hata neno moja, alisubiri amalize, kisha akasema taratibu, "Jamani, huyu hatuachii ng'ombe wala shamba. Anatuachia alichokiona. Mwenye masikio apokee." Alisema hivyo kila mara alipouonyesha mkanda ule.

Kaka alifariki mwezi wa nane mwaka 1999 kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka 25. Kibanda kilifungwa na sasa pale panauzwa vifaa vya simu. Baadaye nilinunua diski ya filamu hiyo, na nakiri nilihisi nimeibiwa: ilikuwa kimya mno, na kulikuwa na mambo ambayo sikuwahi kuyaona.

Mke wangu, niliyemwoa mwaka 2003, hakumfahamu kaka. Yeye anachokiona ni mtu mzima anayeamka saa nane za usiku, hasa miezi ya upepo, kutazama mkanda uleule na kufuta machozi mahali palepale. Ameniuliza huko ninamlilia nani, nami nikamjibu kwamba ni filamu nzuri tu. Shemeji yangu anatania kwamba nitapelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Mwezi uliopita nilimketisha binti yetu, mwenye umri wa miaka 19, aitazame pamoja nami, alivumilia hadi pale Deckard anapomzuia mwanamke mlangoni asitoke na kumlazimisha ambusu, akainuka akasema, "Baba, hiki ndicho unachokipenda?" Sikuwa na jibu. Katika kibanda sehemu hiyo hatukuiona, kwa sababu kaka aliupeleka mkanda mbele kila alipoifikia, kwa kuwa kulikuwa na watoto.

Jambo moja zaidi, na hili ndilo linaloniogopesha. Siku hizi sijui tena kama maneno ya kaka ninayakumbuka au ninayatunga mwenyewe. Je, huu ni ugonjwa? Niigawe hiyo diski nipumzike?

Mpima wa Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu.

Sikucheka. Ila ninakiri kwamba filamu za namna hiyo si chakula changu, na mara ya kwanza nilipojaribu kuitazama hii kwa ajili yako nilisinzia kabla hawajamaliza kuruka na yale magari yao. Mara ya pili niliitazama usiku, peke yangu, baada ya kuisoma tena barua yako, na sikusinzia.

Umeandika kwamba jambo lako linahusu filamu, lakini hadithi ya filamu umeimaliza katika aya moja, na zilizobaki karibu zote zina sauti ya kaka yako ndani yake. Umesema pia, kama kwa bahati mbaya, kwamba unaamka hasa miezi ya upepo. Ninaifahamu Dodoma kiasi cha kujua kwamba mwezi wa nane ni mmojawapo wa miezi hiyo, na wewe mwenyewe umeniambia nani alizikwa mwezi wa nane. Mkeo hakuuliza swali la kipuuzi. Ameuliza swali lililo sahihi kabisa, ukamjibu kama mtu anayemfungia mgeni mlango.

Hata hivyo sitaki ufikiri kwamba nasema filamu yenyewe si kitu na kwamba ungemlilia kaka yako hata kwa kutazama mpira. Filamu nyingi zinazotabiri huchakaa tarehe yake inapopita, na ya kwako tarehe yake imeshapita. Novemba 2019 ilikuja na kuondoka, na magari hayakuruka Los Angeles wala Mtumba. Wala mvua ile ya kudumu haikunyesha hapa, ambako milimita zisizofika 600 kwa mwaka ndizo tunazozipigia magoti. (Mzee yule wa benchi la nyuma ningependa kumpa mkono. Kwa waliotengeneza filamu, mvua ni dalili ya dunia iliyooza. Alichokiona yeye ni dunia iliyopewa baraka na ikashindwa kuitumia, na sina hakika kwamba aliyekosea ni yeye.) Lakini filamu hiyo haikusimama juu ya magari. Imesimama juu ya ile miaka minne. Roy Batty, huyo mwenye nywele nyeupe, anafunga safari hadi kwa aliyemuumba kuomba siku za ziada, anaambiwa haiwezekani, na baada ya hasira na mauaji yote tunayoyashuhudia, anamkuta polisi aliyetumwa kumuua akining'inia ukingoni mwa paa, anamdaka mkono, anampandisha juu, kisha anaketi mbele yake kumweleza mambo aliyoyaona huko angani na ambayo yatapotea pamoja naye. Anayemwachia urithi ni adui yake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kumsikiliza. Kaka yako aliyelijua hilo kwa Kiingereza cha kubahatisha alikuwa na akili kubwa.

Nikupe mambo machache kuhusu filamu hiyo ambayo huenda unayajua, maana yana uhusiano na jibu langu. Philip K. Dick, mwandishi wa riwaya ya mwaka 1968 iliyozaa filamu hiyo, alifariki Machi 1982, karibu miezi minne kabla haijaanza kuonyeshwa, akiwa ameona vipande vichache tu. Rutger Hauer, mwigizaji Mholanzi aliyecheza kama Roy, ndiye aliyeyapunguza maneno ya mwisho yaliyokuwa yameandikwa na kuongeza ya kwake juu ya machozi katika mvua. Naye alifariki Julai 2019, mwaka uleule ambao katika hadithi Roy anakufa. Katika majumba ya sinema ya Marekani haikufanya vizuri, kwani wengi waliiona nzito na yenye giza. Iliyoipa maisha ni mikanda ya video, iliyowawezesha watu kuirudia majumbani mwao mpaka wakaipenda, na mkanda mmoja wa filamu hiyo, kama ulivyonieleza, ulifika Majengo.

Sasa juu ya ule ukimya uliokufanya ujione umeibiwa. Filamu ilipotoka mwaka 1982 ilikuwa na sauti ya Harrison Ford, aliyecheza kama Deckard, akisimulia juu ya picha, kwa sababu wenye fedha walihofia kwamba watazamaji wasingeelewa. Kwa maneno mengine, Hollywood nao waliweka mtafsiri. Toleo la mwaka 1992 liliiondoa sauti hiyo pamoja na mwisho wa furaha uliokuwa umebandikwa, na toleo la mwaka 2007, ambalo Ridley Scott alilisimamia hadi akaridhika, halina msimuliaji pia. Bila shaka diski yako ni mojawapo ya hayo mawili, na wajuzi watakwambia kwamba ndiyo bora, nami nakubaliana nao. Lakini wewe hukuanza na lolote kati ya hayo. Kaka yako aliweka msimuliaji wake juu ya msimuliaji wao, akabadilisha steringi, akakata sehemu isiyofaa, akaandika upya maneno ya mwisho. Hilo nalo ni toleo, mwanangu, na ulichokuwa ukikitafuta ndani ya diski saa nane za usiku hakimo, kwa kuwa hakikuwahi kurekodiwa.

Hofu yako kwamba unayatunga maneno yake ndiyo iliyonigusa kuliko yote, na jibu lake liko ndani ya filamu hiyohiyo unayoijua kwa moyo. Mkumbuke Rachael, replikanti yuleyule anayezuiwa mlangoni na Deckard, akiwa kwenye piano. Amekwisha kuambiwa kwamba kumbukumbu zake alipandikiziwa, kwamba ni za mpwa wa tajiri aliyemtengeneza. Anakaa, anapiga, na anasema kwamba anakumbuka alifundishwa ila hajui kama aliyefundishwa ni yeye au ni yule mwingine. Na bado vidole vyake vinapiga, na vinapiga vizuri. Huwezi kuwa na hakika ya kila neno alilolisema mtu mwaka 1994. Hata yeye, nina hakika, hakulisema kwa namna moja usiku wa leo na usiku wa kesho, kwa sababu mtafsiri wa kibanda humpima mtazamaji kama mpiga zeze anavyowapima waliomzunguka. Kama neno moja kati ya matano ni lako, basi umelitunga kwa mkono aliokufundisha yeye. Na kama unataka ushahidi, unao mpaka sasa, lakini haudumu: walioketi kwenye yale mabenchi wengine bado wapo mjini, ila yule mzee wa benchi la nyuma, kama yu hai, atakuwa na umri mkubwa sana. Kazi yako ni kupima, na unajua kwamba jiwe la mpaka likiondolewa, mpimaji hawakusanyi vijana, huwatafuta wazee waliokuwapo lilipowekwa. Watafute mwezi huu, ukiwa na daftari.

Binti yako yuko sahihi, na wala usimtafutie hoja za kumzunguka. Mwanaume anayeuziba mlango mwanamke anapotaka kuondoka, akamsukuma dirishani na kumwamuru aseme kwamba anataka kubusiwa, si mchumba, hata muziki wa Vangelis, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, ukipigwa kwa utamu gani. Wapo wanaojitetea kwamba filamu inamwonyesha Deckard kama mtu aliyekosa utu kuliko hao anaowawinda, na kuna ukweli ndani yake, lakini muziki ule unatuimbia kwamba hayo ni mapenzi, na masikio ya binti yako hayakudanganyika. Alikuuliza swali, na jibu la kweli unalo, tena ni zuri: kwamba hapana, hicho sicho unachokipenda, kwamba hukukijua kwa miaka mingi kwa sababu baba yake mkubwa alikuwa akiupeleka mkanda mbele. Mweleze hivyohivyo. Binti wa miaka 19 ambaye hakuwahi kumwona baba yake mkubwa atapata kujua kutokana na jambo hilo moja alikuwa mtu wa namna gani, kuliko kutokana na picha yoyote iliyotundikwa sebuleni.

Kuhusu ugonjwa, sioni ugonjwa katika kuirudia filamu, kama nisivyouona kwa anayerudia wimbo uleule wa kanisani kila Pasaka. Lakini kama usingizi wa saa nane haurudi tena hata usiku usio wa filamu, kama unakosea vipimo kazini, au kama umeanza kujificha usionekane ukilia, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili, na hilo nalisema kwa uzito. Mwambie na shemeji yako kwamba Mirembe ni hospitali, watu wanakwenda pale wakiwa wanaumwa na kurudi makwao wakiwa wamepata nafuu, na si mahali pa kumtania mtu mwenye msiba. Msiba wako una miaka zaidi ya 25, lakini haujaanuliwa. Nahisi uliuanua kwa jamaa na majirani, ukabaki umeutandika mwenyewe usiku, mahali ambapo mkeo hakuruhusiwa kukaa kwenye mkeka.

Kaka yako alisema mwenye masikio apokee. Wewe ulipokea, ukanyamaza. Hilo ndilo linalokuamsha, na sidhani kwamba kuigawa diski kutakusaidia, kwa kuwa atakayeipewa atapata filamu tu.

Kwa hiyo diski usiigawe. Chagua jioni moja, si saa nane ya usiku, chakula kikiwa kimekwisha na watu wakiwa hawana haraka. Mwombe mkeo aketi, na binti yako kama atapenda, naye umwahidi kwamba ile sehemu utaipeleka mbele. Weka filamu, kisha punguza sauti ya televisheni mpaka mwisho. Usikae kwenye kochi. Simama kando ya televisheni, upande uleule aliosimama yeye, na uanze kusimulia kwa Kiswahili tangu moto wa kwanza unapolipuka juu ya lile jiji. Mahali usipokumbuka, tunga. Mkeo akikuuliza steringi ni nani, mjibu alivyokuwa akijibu kaka yako, na mwambie pia kwamba kama hataki kumwona akifa, arudishiwe hela yake sasa hivi.

Shangazi